Kidole gumba cha fundi

Kila Jumapili kabla ya mechi nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya goli, najifunga plasta kwenye kidole gumba cha kulia. Wapita njia huuliza, "Umeumia?" Sijaumia. Niliwahi kuumia, na hayo ni mambo mawili tofauti. Wanaonichosha hasa ni wasichana wa timu ndogo. Wanakuja kwa foleni, kila mmoja amenyoosha gumba lake: "Fundi, nifunge na mimi." Ukimuuliza anaumwa wapi, haumwi popote. Ameona tu kwamba makipa hufungwa. Nimeeleza hadi koo limekauka kwa vumbi, basi leo nimefunga kibanda mapema nikaamua kuandika.

Fundi ni mimi, fundi wa nguo hapa Nakuru. Kibanda changu kiko ukielekea Kaptembwa, cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya stima, na mdogo wangu wa kike anayenisaidia akipenda. Siku sita nashona, ya saba nadaka. Timu yetu ni ya mtaa, hatuna mdhamini, jezi nimezishona mwenyewe na bado nadai za watu wanne (mnajijua). Uwanja ni wa shule ya msingi: milingoti ya chuma, neti hakuna, nyasi zimebaki kwenye kona tu. Husemwa kwamba jina Nakuru limetoka kwa Wamaasai, mahali pa vumbi. Aliyelitoa lazima aliwahi kujirusha chini kuokoa mpira mwezi wa Februari.

Niliumia Jumapili tarehe 27 Novemba 2022. Naikumbuka tarehe kwa sababu Kombe la Dunia la Qatar lilikuwa limeanza wiki moja kabla, na wiki hiyo kila mtu aliyevaa njumu Nakuru nzima alikuwa anapiga mashuti kama anaonyeshwa kwenye televisheni. Winga wao aliingia kutoka upande wa kushoto, akafika hatua kama nne mbele yangu, akaachilia. Nilifungua mikono kama mtu anayepokea mtoto, vidole vinne pamoja na gumba limebaki peke yake huko kando, kama kuku aliyeachwa nje ya banda. Mpira ukalikuta. Ukalipiga kwa ndani, likaenda nje na nyuma, mbali na wenzake.

Mpira wa saizi ya 5 una uzito wa gramu 410 hadi 450. Hata mita mbili za kitambaa cha dengrizi zinauzidi. Lakini nilisikia kitu pale chini ya gumba, mlio mdogo, kama uzi unaokatika ukivuta mshono kwa pupa. Mpira haukuingia golini, nami kwa ujinga wangu hilo tu ndilo nililolihesabu. Nikamaliza mechi.

Usiku ule saa nne nilitazama Uhispania na Ujerumani mkono ukiwa ndani ya beseni la maji na barafu ya mama muuza samaki. Walitoka 1-1. Mabao yote mawili sikuyaona vizuri. Nilikuwa natazama vidole vya Neuer, kipa wa Ujerumani.

Jumatatu nikafungua kibanda. Mkasi wa fundi ni mzito, na gumba ndilo linaloingia kwenye lile tundu dogo na kufanya kazi ya kufungua na kufunga. Niliuweza, kwa machozi. Kilichonishinda kilikuwa kidogo kuliko mkasi: pini. Nilitaka kubana pindo la sketi, nikaishika pini kati ya gumba na kidole cha shahada, ikadondoka. Nikaiokota, ikadondoka. Nikajaribu ufunguo wa kufuli, gumba likateleza pembeni kama halina mwenyewe. Maumivu nilikuwa nayo, ndiyo, lakini maumivu nimeyazoea. Ule unyonge sikuwa nimeuzoea.

Mtu mwenye akili angeenda hospitali siku hiyo. Mimi nilienda kwa mama mmoja wa kukanda. Sisemi vibaya juu yake, alimkanda mama yangu mgongo na mama akainuka. Lakini alilishika gumba langu akasema, "Vumilia mama, limetoka kidogo, linarudi," akalivuta. Akalivuta upande uleule mpira ulikolipeleka. Nililia hadi watoto wa jirani wakaja kuchungulia dirishani. Baadaye nilikuja kujua kwamba halikuwa limetoka mahali popote.

Jumapili iliyofuata, tarehe 4 Desemba, nikarudi uwanjani, kwa sababu kipa wa akiba alikuwa ameenda ocha, kijijini kwao, kwa mazishi. Kapteni wetu alikuwa na roli ya plasta kwenye mkoba. "Lete," akanifunga. Alinizungushia kutoka ncha ya gumba hadi shinani, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayefunga mzigo wa kuni, na gumba likabaki limesimama nje, kama la mtu anayesimamisha matatu. Kwa macho lilikuwa zuri, jeupe, gumu. Dakika kumi baadaye ncha ilikuwa rangi ya zambarau na imekufa ganzi. Tukailegeza kidogo, nikadaka hadi mwisho. Jioni mkono ulikuwa umefura kama ndizi ya kuiva.

Jumanne tarehe 6, mdogo wangu alinipandisha bodaboda mwenyewe. Siku tisa baada ya shuti.

Daktari alianza na eksirei kabla hajaligusa gumba. Alisema wakati mwingine kano, yaani ule uzi mfupi mgumu unaoshikilia mfupa na mfupa, haukatiki wenyewe bali unang'oa kipande cha mfupa, na usipoangalia kwanza unaweza kukisogeza ukilivuta gumba. Mfupa wangu ulikuwa mzima. Ndipo akalishika gumba la kushoto, lile zima, akalisukuma polepole kulitenga na vidole, akaona linafika wapi. Kisha la kulia. Nikamuuliza mbona anahangaika na lisilo na shida. Akasema kila mtu ana ulegevu wake, na mkono mzima ndio kipimo cha mgonjwa. Gumba likifunguka kupita digrii 30 au 35 hivi, ama likimzidi mwenzake kwa digrii 15, na usihisi mahali linapogota, basi kano imekatika yote. Langu lilifunguka zaidi ya mwenzake, lakini liligota. "Imechanika, haijakatika," akasema. Hiyo ni lugha ninayoielewa.

Kano yenyewe iko kwenye kiungo cha chini cha gumba, kile kinachotokeza ukilikunja, kwa upande wa ndani unaotazamana na kidole cha shahada. Ndiyo inayolizuia gumba lisipeperuke nje unapobana kitu. Pini, ufunguo, kifuniko cha chupa, vyote vinaiegemea hiyo.

Kuna mambo mawili daktari alinieleza ambayo sijayasahau, labda kwa sababu kibanda cha jirani yangu wanafuga sungura. La kwanza, jeraha hili zamani lilipewa jina la walinzi wa mashamba ya uwindaji. Daktari mmoja aitwaye Campbell aliandika mwaka 1955 kuhusu walinzi wa Scotland waliokuwa na magumba yaliyolegea hivi hivi, kwa sababu kazi yao ilikuwa pamoja na kuwaua sungura kwa kuwavunja shingo kati ya gumba na kidole cha shahada, mmoja baada ya mwingine, miaka na miaka. Kano zao zilichakaa pole pole kama goti la suruali. Siku hizi ni wateleza theluji wanaoangukia fimbo zao, na sisi makipa, na watu wa basketiboli, raga na voliboli.

La pili ni la Stener, Mswidi, mwaka 1962. Aliona kwamba kano ikikatika kabisa, ncha yake inaweza kuchomoka na kutokea juu ya utando wa msuli uliokuwa umeifunika, ikakwama huko nje. Fikiria uzi uliopaswa kubaki ndani ya bitana umetokea juu ya bitana. Hata ukisubiri miezi sita, ncha mbili hazitakutana, maana kuna kitambaa katikati. Hiyo ni ya kisu, tena mapema, wiki chache za kwanza, kabla haijasinyaa. Hakuna banzi, kile kifaa kigumu cha kushikilia kiungo kisisogee, litakaloiunga, na wala plasta. Ndiyo maana siku hizi nikiona mtu gumba linamyumba, au ana kijiuvimbe kigumu pale ndani shinani, au hawezi kubana karatasi nisiichomoe, simgusi. Namwambia nauli ya hospitali iko wapi.

Mimi nilipewa banzi, wiki sita. Hesabu: hadi tarehe 17 Januari 2023. Shule zilifunguliwa tarehe 23. Fundi yeyote wa Nakuru atakwambia Januari ni nini. Ni sare. Na huo ndio mwaka wa kwanza wa Gredi ya 7 ya mtaala mpya, wazazi wanakuja na michoro ya sketi ambazo hakuna aliyewahi kuzishona, wanataka kesho. Nilikaa kwenye kiti na banzi langu nikimwelekeza mdogo wangu akate. Alikata marinda kumi na mawili, mbele zote za kushoto. Sitaki kulizungumza.

Baada ya banzi nikapelekwa kwa kijana wa fiziotherapia, mdogo kwangu kwa miaka kama minane, na kwa wiki kadhaa kazi yangu ilikuwa kufinya kitambaa kilicholowa, kubana vibanio vya nguo, na kukunja gumba hadi ligote kwenye shina la kidole kidogo. Niliporuhusiwa kurudi uwanjani nilienda na roli yangu ya plasta, nikitarajia anisifu. Akaniuliza swali moja.

"Dada, gumba liliumia likielekea wapi?"

Nikamwonyesha. Nje na nyuma.

"Basi plasta kazi yake ni kulizuia lisiende huko. Huko tu. Kwingine kote ni kwako, tumia."

Nilinyamaza nikakumbuka ile mizigo ya kuni ya kapteni. Alinifunga gumba likiwa limeshatanuka nje, yaani aliligandisha palepale pa hatari, kisha akanituma nikadake.

Plasta ninayotumia ni ile nyeupe ngumu yenye oksidi ya zinki kwenye gundi, upana wa sentimita 2.5. Ya 3.8 ni ya vifundo vya miguu, kwenye gumba inakunjamana. Mara ya kwanza nilipoishika kwa akili timamu niliitambua: ni pamba iliyofumwa, nyuzi za mtande zimeenda kwa urefu, haivutiki hata ukining'inia. Ndiyo sababu inazuia. Ile ya lastiki inafaa kufunika juu ili kingo zisibanduke, lakini peke yake kiungo kitaenda kinakotaka na plasta itakifuata nyuma. Ni kama kushonea suruali mkanda wa kitambaa cha sweta. Na huhitaji mkasi. Shika kwa vidole viwili, shtua mara moja kwa upana, inapasuka sawasawa kwenye mshindio, zile nyuzi za upana, kama muuza leso anavyochana doti.

Mkono uwe mkavu na safi. Hapa kwetu hiyo ndiyo kazi yenyewe, vumbi likichanganyika na jasho plasta inashika vumbi badala ya ngozi, kwa hivyo najifunga kabla ya kupasha mwili, nikishafuta kwa kitambaa chenye maji na kukausha. Kisha mkao: gumba liwe kama umeshika glasi ya maji, limekaribia vidole, halijatanuka. Hapo ndipo kila kitu kinaamuliwa, kabla hata hujabandua ncha ya roli.

Kipande cha kwanza ni pete ya kifundo cha mkono, chini kidogo ya vile vifupa viwili. Usiikaze. Hiyo ni ya kushikilia nyingine tu, kama mkanda wa kiuno unaoshikilia marinda. Kipande cha pili kinaanzia kwenye ile pete upande wa mgongo wa mkono, kinapanda juu ya kiungo cha shina la gumba, kinalizunguka gumba, kinapita kwenye lile pengo kati yake na kidole cha shahada, kinarudi kujikata chenyewe juu ya kiungo, na kushuka hadi kwenye pete upande wa kiganja. Ukikitazama ni utepe wa zawadi. Wakati kinazunguka, mkono mwingine uwe umelisukuma gumba kidogo upande wa vidole, ndipo ubandike. Cha tatu kinafuata njia hiyohiyo, kikimpanda mwenzake nusu. Cha nne vilevile. Tatu za utepe zinanitosha. Kisha pete nyingine juu ya ile ya kwanza, kufunika ncha. Kiungo cha juu cha gumba, kile cha karibu na ukucha, kiachwe huru, maana bila hicho huwezi kufunga glavu wala kuufinya mpira.

Mambo ya pengo: plasta ikipita pale ikijikunja, itakukata kama wembe ikifika dakika ya ishirini. Mimi hukunja ukingo wake kwa ndani, milimita chache, pindo jembamba. Yule kijana alicheka alipoona, lakini siku hizi naye anafanya.

Ukimaliza, bonyeza ukucha hadi uwe mweupe, uachilie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, au ukihisi sisimizi, fungua yote uanze upya, usilegeze kipande kimoja ukadanganya nafsi. Na kidole kilichoumia leo na bado kinafura usikifunge pete za kukaza kabisa. Barafu kwenye kitambaa, dakika kumi na tano au ishirini, na nyumbani.

Kuna wanaounganisha gumba na kidole cha shahada kwa kamba fupi ya plasta ili lisitanuke. Nimeona wachezaji wa basketiboli wakifanya. Kwa kipa haiwezekani, glavu ina vyumba vyake, na huwezi kuwalaza wapangaji wawili chumba kimoja. Glavu zenyewe, zile zenye mbavu ngumu nyuma ya vidole, husaidia kidole kisipinde kwa nyuma. Zina bei. Nilinunua za mtumba, ubavu wa gumba ulikuwa umeshavunjika. Nikauchomoa nikashonea kipande cha plastiki ya kola ya shati. Usiniige.

Hadi mapumziko plasta huwa imeshaanza kulegea. Jasho haliheshimu gundi. Nikiwa na muda naibandua nafunga mpya, nikiwa sina najua moyoni kwamba kipindi cha pili nadaka na nusu ya msaada. Kuitoa: mkasi butu, kata upande ambao haukuumia, bandua ukirudisha nyuma karibu na ngozi huku mkono mwingine umeishika ngozi. Gundi inayobaki inakubali mafuta ya kupikia. Usilale nayo. Mwenzangu mmoja alilala nayo akaamka na malengelenge, kumbe ngozi yake haipatani na gundi.

Sasa, kocha wetu ana neno lake kuhusu haya yote na nalikubali ingawa analisema kwa kunikera. Anasema ningejua kudaka nisingehitaji plasta. Mpira wa juu ya kifua, magumba yanatakiwa kuwa nyuma ya mpira, yamekaribiana, mikono miwili ikifanya umbo la W. Mpira wa chini, vidole vidogo ndivyo vinavyokutana na mikono inakuwa kikapu. Mpira wa karibu sana usiouweza, unausukuma kwa shina la kiganja, huufungulii vidole. Siku ile nilifungua vidole. Kufunga plasta mikono isiyojua kukaa ni kupiga pasi gauni lililokatwa vibaya. Kwa hivyo Jumatano na Ijumaa jioni ananirushia mipira ukutani, mia moja, bila glavu na bila plasta, polepole.

Jumapili iliyopita alikuja msichana wa timu ndogo, kipa wao, darasa la nane la zamani kwa umri. Alikuwa na roli yake mwenyewe, mpya, ya shilingi zake. "Fundi, nifunge haraka, wanaanza." Nikamuuliza, unaumwa? Akasema hapana. Nikambonyeza pale ndani, shinani mwa gumba. Akarusha mguu.

"Tangu lini?"

"Ijumaa. Lakini siyo sana."

Nikampa karatasi ya chipsi iliyokuwa chini. Ibane, usiniachie. Nikaivuta, ikaja. Mkono wa kushoto, ikagoma.

Sikumfunga. Alinuna, akasema nina roho mbaya, akaenda kwa kapteni wangu, na kapteni, Mungu ambariki, akamwambia, "Rudi kwa Fundi." Nikampigia mama yake simu, tukakubaliana Jumatatu asubuhi hospitali. Mechi yote alikaa kwenye ndoo yangu nyuma ya goli, mkono ndani ya mtungi wa muuza juisi tuliyembembeleza atuuzie barafu iliyobaki. Ilikuwa barafu ya ukwaju. Ananiambia mkono ulinuka ukwaju hadi kwenye eksirei.